Kukata pumzi usingizini: mashini ndogo ya kupimia nyumbani inasaidia wapi, inakosea wapi

Mutu anakoroma usiku kucha. Asubuhi anaamuka na kichwa kinamuuma, muchana anasinzia hata akiwa kazini. Nyumbani wamoja wanasema ni uvivu, wengine wanasema ni malaria iliyobaki mwilini, wengine tena wanasema kuna mutu anayemukaba usiku. Ni wachache wanaofikiri juu ya pumzi.

Katika makala hii tunaeleza ugonjwa wa kukata pumzi usingizini, ambao waganga wanauita apnea ya usingizi. Tutaangalia hasa namna unavyopimwa kwa mashini ndogo ambazo mugonjwa anabeba na kulala nazo nyumbani kwake. Mashini hizo zimeleta kipimo karibu na watu. Lakini karatasi yake haisomwi kama ile ya kipimo cha malaria, kwamba ugonjwa uko ao hauko.

Ni ugonjwa gani?

Tukilala, misuli ya ulimi na ya koo inalegea. Kwa watu wengi njia ya hewa inabaki wazi. Kwa wengine inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa shida na nyama za koo zinatetemeka: ndio kukoroma. Kwa wengine tena njia inajifunga kabisa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Oksijeni inashuka ndani ya damu, ubongo unashtuka, mutu anaamuka kwa sekunde chache tu, anahema kwa nguvu, kisha anarudi usingizini. Asubuhi hakumbuki chochote. Anayejua ni yule anayelala pembeni yake.

Pumzi ikikatika sekunde 10 ao zaidi, waganga wanahesabu mara moja. Wanahesabu pia pale pumzi inapopungua sana na oksijeni kushuka, hata kama haikukatika kabisa. Wanajumlisha zote na kugawanya kwa masaa ya usingizi. Chini ya mara 5 kwa saa, mutu mukubwa anahesabiwa kuwa sawa. Kuanzia 5 hadi 14 ni ugonjwa mwepesi. Kuanzia 15 hadi 29 ni wa kati. Mara 30 na zaidi ni mukali: ni sawa na mutu anayekatizwa pumzi kila dakika mbili, usiku muzima.

Kuna aina ingine ambayo koo haina shida, bali ni ubongo unaosahau kutuma amri ya kupumua. Inaonekana kwa watu wenye moyo uliochoka, na kwa wale wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, pamoja na tramadol inayouzwa ovyo kwenye masoko. Tutarudia aina hii, maana mashini ndogo haziitambui vizuri.

Makadirio yaliyotolewa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba watu karibu milioni 936 duniani, wenye miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu, na kati yao milioni 425 wana ule wa kati ao mukali. Si ugonjwa wa matajiri wanene peke yao. Unene unauongeza, ni kweli, lakini umbo la taya, shingo nene, mafindofindo makubwa na umri vinahesabika pia. Wanawake wengi hawakoromi sana: wanalalamika tu kwamba wamechoka, ao usingizi unakatikakatika, kwa hiyo wanasahaulika. Kisha kukoma kwa hedhi, hatari kwao inapanda.

Kwa nini si jambo la kuchekea

Katika familia nyingi kukoroma ni jambo la kuchekesha. «Sikia vile papa eko nakoroma, eko nalala muzuri!» Lakini huyo papa halali vizuri. Mwili wake unapigana usiku kucha, na kila oksijeni ikishuka, moyo unasukumwa na mishipa inakazwa.

Jambo la kwanza ni tansio. Mutu anayemeza dawa tatu za tansio bila tansio kushuka anapaswa kuulizwa namna anavyolala. Jambo la pili ni barabara. Dereva wa Fuso anayeteremuka milima ya Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, ao mutu wa moto mwenye abiria wawili mugongoni, hana haki ya kusinzia hata sekunde tatu. Umoja wa Ulaya uliandika jambo hilo katika sheria ya mwaka wa 2014: dereva anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kati ao mukali anapaswa kuonwa na muganga mbele ya kupewa ao kuongezewa kibali cha kuendesha. Jambo la tatu ni upasuaji. Dawa za usingizi za hospitali zinalegeza koo zaidi. Mutu anayekata pumzi usiku anapaswa kumwambia muganga mbele ya kuingia kwenye chumba cha upasuaji, ili aangaliwe vizuri wakati wa kuamuka.

Kutoka chumba cha maabara hadi mufuko wa begani

Mwaka wa 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila mumoja upande wake, walieleza kwa vipimo namna pumzi inavyokatika usingizini. Mwaka wa 1976 Christian Guilleminault, Mufaransa aliyekuwa anafanya kazi kwenye chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, na wenzake waliupatia ugonjwa jina linalotumika hadi leo. Mwaka wa 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza dawa yake kubwa: mashini inayosukuma hewa puani ili koo isijifunge.

Lakini kipimo kilikuwa kizito. Mugonjwa alipaswa kulala hospitalini usiku muzima, na waya kichwani, kando ya macho, kwenye kidevu, kifuani na kwenye miguu, na mufanyakazi wa kumuangalia hadi asubuhi. Kipimo hicho kinaitwa polisomnografia, na bado ndicho kikubwa kuliko vyote. Kinahitaji chumba cha kimya, umeme usiokatika na watu waliosomea kazi hiyo. Hata katika inchi tajiri wagonjwa walikuwa wanangoja kwa miezi.

Ndipo kukaja wazo la kupunguza waya na kumuacha mutu alale kwake. Mwaka wa 1994 waganga wa usingizi wa Marekani walipanga vipimo katika ngazi nne:

- Ngazi ya 1: polisomnografia ya hospitali, na mufanyakazi anayeangalia.
- Ngazi ya 2: waya karibu zote zile, lakini bila mufanyakazi.
- Ngazi ya 3: mashini ndogo inayopima mambo manne ao zaidi: hewa ya puani, mwendo wa kifua, mapigo ya moyo na oksijeni ya damu.
- Ngazi ya 4: jambo moja ao mawili tu, mara nyingi oksijeni na mapigo ya moyo kwa kibanio cha kidole.

Mwaka wa 2007 waganga haohao walitoa miongozo juu ya mashini za kubeba. Mwezi wa tatu 2008, bima ya serikali ya Marekani inayosaidia wazee ilikubali kwamba mutu aliyepimwa nyumbani anaweza kupewa mashini ya hewa bila kulazimishwa kulala hospitalini. Kuanzia hapo kipimo cha nyumbani kikawa kitu cha kawaida.

Je, kinaaminika?

Jibu zuri linatoka Australia. Mwaka wa 2013 watafiti walitangaza matokeo ya wagonjwa 155: wamoja walifuatwa na waganga wa kawaida pamoja na wauguzi wa mitaani, wengine na wataalamu wa usingizi. Kisha miezi sita, usinzivu wa muchana ulikuwa umepungua pande zote mbili bila tofauti kubwa. Hii inaonyesha kwamba muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kubeba kazi hii.

Mwaka wa 2017 utafiti mwingine, wa wagonjwa 406, ulilinganisha ngazi za kipimo. Wale waliofuatwa kwa matokeo ya ngazi ya 3 walifika karibu pamoja na wale wa polisomnografia. Wale wa ngazi ya 4, yaani kibanio cha kidole peke yake, walibaki nyuma. Kwa hiyo «mashini ndogo» si zote sawa. Ile yenye bomba ya puani, mukanda wa kifua na kibanio cha kidole inatosha kwa wagonjwa wengi. Kibanio peke yake kinaweza kutoa alama ya hatari, lakini kutegemea hicho tu ni kujipunguzia.

Kuna pia saa za mukononi. Mwaka wa 2024 serikali ya Marekani iliruhusu saa za Samsung na za Apple kutoa onyo juu ya apnea. Ni onyo tu, la kumutuma mutu kwa muganga.

Kwa inchi kama yetu, ngazi ya 3 ina faida zinazoonekana. Inatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika saa mbili ya usiku kipimo kinaendelea. Inaingia ndani ya mufuko na inaweza kupanda moto hadi kituo cha afya. Inaandika kila kitu ndani yake yenyewe, kisha faili inaweza kutumwa kwa intaneti hadi kwa mutaalamu aliye katika muji mwingine. Mashini moja inatumika na watu wengi, mradi bomba ya puani ibadilishwe kwa kila mugonjwa na vingine visafishwe.

Nani apimwe nyumbani, nani asipimwe

Kipimo cha nyumbani kinafaa kwa mutu mukubwa ambaye tayari ana dalili nyingi. Ili kuwachagua, vituo vingi duniani vinatumia maswali manane yaliyotungwa Toronto, Kanada, na kutangazwa mwaka wa 2008 na daktari Frances Chung na wenzake. Kila «ndiyo» ni alama moja:

1. Unakoroma kwa nguvu, hadi kusikika nyuma ya mulango?
2. Unachoka ao unasinzia muchana mara nyingi?
3. Kuna mutu aliyeona unakata pumzi usingizini?
4. Una tansio, ao unameza dawa zake?
5. Uzito wako umepita kipimo? (kwa mutu wa mita 1.65, ni kupita kilo 95)
6. Umepita miaka 50?
7. Shingo yako inapita sentimita 40 kuizunguka? (tumia utepe wa mushonaji)
8. Wewe ni mwanaume?

Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. Alama 3 na 4, ni ya kati. Alama 5 na zaidi, hatari ni kubwa. Maswali haya si kipimo: yanasaidia kujua nani aanze kupewa mashini.

Wako watu ambao mashini ndogo haiwafai, na hawa wapelekwe kwenye kipimo kikubwa pale kinapopatikana: mwenye ugonjwa mukubwa wa moyo ao wa mapafu, aliyepata kiharusi, mwenye misuli dhaifu, anayetumia dawa za jamii ya morfini kwa muda mrefu, na asiyepata usingizi kabisa. Kwao aina ile ingine ya apnea, ya ubongo, inaweza kujificha.

Watoto nao wasipimwe kwa mashini hizi peke yake. Mutoto anayekoroma kila usiku, anayelala mudomo wazi ao anayekojoa tena kitandani aangaliwe mafindofindo na muganga. Mutoto mwenye ugonjwa wa SS, yaani damu ya sikoseli, aangaliwe zaidi, maana oksijeni kushuka usiku ni jambo baya kwake kuliko kwa mutoto mwingine.

Usiku wa kipimo

Kipimo kingi kinaharibika juu ya mambo madogo. Bomba inatoka puani, kibanio kinaanguka, mukanda unalegea. Kwa hiyo muuguzi aonyeshe mugonjwa namna ya kuvaa, kisha mugonjwa avae yeye mwenyewe mbele yake. Kumuelezea kwa mudomo tu haitoshi.

Mugonjwa atoe rangi ya kucha ao hina kwenye kidole kitakachobanwa. Kidole kiwe na joto. Aandike saa aliyolala na saa aliyoamuka, hata kama ni kwa kukadiria. Asinywe kasiksi wala lotoko kwa kujaribu kulala haraka. Alale kama kawaida yake. Ili kipimo kihesabike, mashini inapaswa kuandika vizuri masaa 4 angalau. Chini ya hapo ni kurudia.

Kusoma karatasi: hapa ndipo watu wanadanganyika

Mashini ndogo nyingi hazijui kama umelala ao uko macho, maana hazina waya za kichwani. Zinagawanya kwa masaa yote ya kuandika. Tuchukue mufano. Mutu amekata pumzi mara 80. Alivaa mashini masaa 8, lakini alilala 5 tu juu ya mutoto aliyelia na risasi zilizosikika mbali. Mashini itagawanya 80 kwa 8 na kuandika 10: ugonjwa mwepesi. Ukweli ni 80 kwa 5, yaani 16: ugonjwa wa kati. Ndiyo sababu ile karatasi ya saa za kulala ina maana.

Kutoka hapo kuna kanuni ambayo mugonjwa mwenyewe anapaswa kuijua. Kipimo cha nyumbani kikionyesha ugonjwa kwa mutu mwenye dalili, kinaaminika. Kikionyesha hakuna, na dalili bado ziko, haimaanishi kwamba umepona ao kwamba unadanganya. Miongozo ya Marekani ya mwaka wa 2017 inasema wazi: kipimo cha nyumbani kikitoka kizuri ao kikiharibika, na shaka inabaki, mugonjwa afanyiwe polisomnografia. Pale ambapo haipatikani, angalau mashini ivaliwe tena usiku mwingine na muganga aendelee kumufuata.

Jambo la pili ni ngozi yetu. Kibanio cha kidole kinapitisha mwangaza ndani ya ngozi ili kukadiria oksijeni. Mwaka wa 2020 waganga wa Michigan, Marekani, walilinganisha kibanio na damu iliyotolewa ndani ya mushipa. Pale kibanio kilipoonyesha kati ya 92 na 96 kwa 100, karibu vipimo 12 vya damu kwa kila 100 vya wagonjwa weusi vilikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wazungu vilikuwa karibu 4. Kwa maneno mengine, kibanio kinaweza kusema «sawa» pale ambapo ngozi nyeusi inaficha shida. Walipimwa hospitalini, si usingizini, lakini chombo ni kilekile. Kwa hiyo muganga asiangalie namba moja tu. Aangalie mustari wote wa usiku: kama unashuka na kupanda, kushuka na kupanda, kama meno ya musumeno, hapo kuna jambo.

Jambo la tatu ni milima. Goma na Bukavu ziko juu ya mita 1,400. Hewa ni nyepesi, na oksijeni ya mutu muzima inaweza kuanza chini kidogo kuliko ya mutu wa Kindu ao Uvira. Mutaalamu anayesoma faili kutoka mbali aambiwe mugonjwa alilala wapi. Na asiache hesabu ya kompyuta peke yake: mutu aliyesomea kazi hii apitishe macho juu ya mistari yenyewe.

Kisha matokeo

Kwa ugonjwa mukali dawa kubwa ni ile mashini ya hewa, inayoitwa PPC ao CPAP, pamoja na maski ya puani. Inafanya kazi usiku ule inapovaliwa tu, na inahitaji umeme ao betri yenye nguvu. Mbele ya kununua, familia ihesabu pia betri, maski za kubadilisha na mahali pa kuitengeneza. Musinunue mashini ya mutumba sokoni bila kipimo: nguvu ya hewa inapangwa kwa kila mugonjwa.

Mambo mengine hayahitaji umeme. Kupunguza uzito kunasaidia kweli. Wako watu wanaokata pumzi zaidi wakilala chali. Kwao kulala kwa ubavu kunapunguza shida. Kuacha pombe masaa ya jioni kunasaidia, kwa sababu pombe inalegeza koo. Dawa za kulala na tramadol bila amri ya muganga ni hatari. Kwa ugonjwa mwepesi ao wa kati, muganga wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kusogeza taya ya chini mbele. Kwa watoto wengi, kutoa mafindofindo kunatosha. Na mwenye tansio asiache dawa zake: kutibu pumzi kunashusha tansio kidogo tu, hakuchukui nafasi ya dawa.

Unaweza kuanzia wapi

Hata pale ambapo mashini haijafika, kuna kazi ambayo familia inaweza kufanya wiki hii. Anayelala pembeni ya mugonjwa achukue simu na kurekodi dakika kumi za usingizi wake, sauti ao video, hasa karibu na asubuhi. Ahesabu sekunde kati ya kukoroma kunapokoma na kuhema kunaporudi. Mugonjwa ajibu yale maswali manane kwenye karatasi. Kisha wote wawili waende pamoja kwenye kituo cha afya na simu ile, maana mugonjwa hawezi kueleza jambo ambalo hajawahi kulisikia. Waombe tansio ipimwe, na waulize kama hospitali kubwa ya rufaa ina mashini ya kupima usingizi ao inaweza kuwatuma mahali iko.

Dereva anayesinzia kwenye usukani asingoje karatasi. Siku hiyo amuachie mwingine gari.